Je, kijana wetu alistahili kukatwa mkono?

SWALI: Asalaam aleikum shehe. Mimi ni mama wa biashara ya dagaa hapa mwalo wa Kibirizi, Kigoma. Ninalea mtoto wa marehemu dada yangu, ana miaka 19. Alikuwa kibarua wa mama mwenzetu mmoja, kazi yake kuanika na kugeuza dagaa. Mama yule alimkalia ujira wa giza mbili, yaani miezi miwili ya uvuvi. Usiku mmoja mlinzi alikwenda kuangalia mpira, kijana akachukua magunia mawili yaliyolala nje chini ya turubai, akakamatwa alfajiri akitafuta usafiri wa Mwandiga. Vijana wa mwaloni walimpiga, mmoja akaleta panga akisema Mungu ameshahukumu, mkono ukatwe. Mzee mmoja mvuvi aliushika mpini, lakini mkono ulikuwa umeshavunjwa kwa rungu. Magunia yamerudi kwa mwenyewe. Mume wangu anasema tushukuru, maana kwa dini alistahili zaidi ya hapo. Mama yangu wa Ujiji anasema hayo si ya dini. Nani yuko sawa, na sasa tufanye nini?

JIBU: Waaleikumu salaam mama, na pole sana. Mpe pole na kijana, hata kama ana makosa yake.

Naanza na upande wa mumeo, kwa sababu akiona nimeuruka hatanisikiliza kwa mengine. Aya ipo. Ni ya 38 katika Suratul Maida, na inaamuru mwizi mwanamume na mwizi mwanamke wakatwe mikono. Wako waandishi wa siku hizi wanaosema neno hilo lina maana ya kumzuia mwizi tu, au kumtia alama. Mimi simo miongoni mwao. Mtume (s.a.w.) aliitekeleza adhabu hiyo, makhalifa waliitekeleza, na madhehebu yote yameandika mkono ukatwe wapi: kwetu sisi wafuasi wa Imam Shafi ni wa kulia, kifundoni. Akirudia, mguu wa kushoto. Ni adhabu nzito, na haikuandikwa ili ionekane nyepesi.

Kisa kinachotajwa zaidi ni cha mwanamke wa ukoo wa Makhzum, ukoo wa heshima kubwa Makka. Aliiba, ndugu zake wakamtuma Usama bin Zaid, kipenzi cha Mtume, akaombe asamehewe. Mtume alikasirika, akasema waliotangulia waliangamia kwa sababu mtukufu wao akiiba walimwacha, na mnyonge akiiba walimsimamishia adhabu. Na lau Fatuma binti yake angeiba, angeukata mkono wake. Watu huikumbuka sana ile sehemu ya Fatuma. Sehemu ya mtukufu na mnyonge huisahau, nayo ndiyo sababu ya maneno yote. Jiulize tu: ni lini pale mwaloni vijana wamemkimbilia na panga tajiri anayenunua injini za boti za wizi?

Basi mumeo ana aya. Tatizo ni kwamba ameichukua aya peke yake akaenda nayo ufukweni. Hata hakuifikia ya 39 inayoifuata, inayozungumzia mwizi aliyetubu akatengenea. Neno "mwizi" katika aya lina masharti, na masharti hayo hayakubuniwa na watu wenye huruma waliokuja baadaye. Mengi aliyasema Mtume mwenyewe. Likikosekana moja, adhabu ya kukata, ile inayoitwa haddi, haipo. Haikusamehewa wala haikupunguzwa: haipo tangu mwanzo. Tulipime jambo la kijana wako kwa masharti hayo.

La thamani ya mali lamkaba. Bibi Aisha (r.a.) amepokea kwamba mkono haukatwi ila kwa robo dinari na kuzidi. Dinari ni gramu 4.25 za dhahabu, kwa hiyo robo yake ni gramu moja na nukta. Wahanafi, wafuasi wa Imam Abu Hanifa, wamepandisha hadi dirhamu 10. Magunia mawili ya dagaa wa Kigoma waliokauka yanavuka kiwango bila hata kumuuliza sonara, na bei ya dagaa unaijua kuliko mimi. Hapo kijana hana pa kujificha.

Sharti linalofuata ni mali kuwa mahali pa hifadhi, hirzi kwa lugha ya vitabu. Fedha hirzi yake ni kasha au chumba chenye kufuli. Ng'ombe, zizi. Kitu kilicho uwandani, hirzi yake ni macho ya mlinzi. Kipimo ni ada ya watu wa pale: je, mwenye mali mwenye akili timamu huiacha hivyo akaenda kulala? Kwenu jibu ni hapana, ndiyo maana mnachangishana kumlipa mlinzi.

Atakuja msomi mmoja akupinge kwa hadithi ya tende, na afadhali uisikie kwangu kwanza. Mtume aliulizwa kuhusu tende zilizo mtini, akasema hazikatiwi mkono. Mwenye njaa akila pale bila kubeba hana lawama, na akibeba atalipa na kuadhibiwa. Ila zikishafikishwa kwenye uwanja wa kuanikia, zikaibwa zenye thamani ya ngao, hapo mkono hukatwa. Thamani ya ngao ilikuwa dirhamu tatu. Ukiisikia hivyo utaona kama imesemwa Kibirizi, maana dagaa nao huanikwa, na kijana alichukua waliokauka. Lakini uwanja ule wa tende ulihesabiwa hifadhi kwa sababu watu wake waliulinda na kuuzoea kuwa hifadhi. Turubai juu ya mchanga, mlinzi yuko kibandani anashangilia bao, haliwi hirzi kwa ada ya mtu yeyote. Sharti limeanguka hapa, na kwa kadhi mwenye elimu kesi ya haddi ingeishia hapa.

Lakini nataka niendelee, kwa sababu jambo zito zaidi wala si turubai. Ni ule ujira wa giza mbili. (Kwa wasomaji wa mbali na ziwa: giza ni kipindi cha mwezi mchanga, karabai zinapovuta dagaa, mbalamwezi ikishika watu hupumzika. Giza mbili ni miezi miwili ya jasho.)

Vitabu vya Shafi vinasema aliyeiba mali ya mdaiwa wake, deni limefika na mdaiwa anamzungusha, akachukua kwa nia ya kujilipa, hakatwi. Ana shubha, yaani haki yenye utata ndani ya mali ile. Sikusema alifanya vizuri. Kuingia usiku na kubeba magunia mawili bila hesabu si njia ya kudai, na kilichozidi haki yake ni dhuluma aliyowajibika kuirudisha. Ila jina la "mwizi" lile la kwenye aya halimkai sawasawa mtu ambaye mwenye mali naye ameshika haki yake.

Sayyidna Omar (r.a.), khalifa wa pili, alikutana na kesi karibu na hii. Watumwa wa Hatib bin Abi Baltaa walimwiba ngamia mtu wa kabila la Muzaina, wakamchinja wakamla. Wakakiri. Omar akaamuru wakatwe, na agizo likatoka. Kisha akasita. Akamwambia bwana wao: naona unawashindisha na njaa. Akamuuliza mwenye ngamia bei yake, akajibiwa kwamba alikataa kumuuza kwa dirhamu 400. Omar akamgeukia Hatib: mlipe 800. Waliokula ngamia waliondoka na mikono yao, na aliyewanyima chakula akalipa mara mbili. Imam Malik, aliyeihifadhi habari hii, anasema huko kulipa maradufu hakukuwa ndiyo desturi ya Madina, na mafakihi wengi walimfuata kwa hilo. Lakini Omar alitaka kujua kwanza nani alisababisha njaa. Vijana wa Kibirizi hawakuuliza. Na mumeo, kwa heshima zote, naye hajauliza.

Omar huyohuyo, katika mwaka wa ukame mkubwa, mwaka wa 18 wa Hijra, alisimamisha kukata mikono Hijazi yote kwa sababu watu walikuwa na njaa. Wanaosema "sheria ni sheria" wamsome Omar, maana hakuna aliyekuwa mkali kuliko yeye.

Kuhusu kukiri: najua watasema kijana alikiri mwenyewe. Alikiri chini ya marungu, na ikrari ya aliyelazimishwa haina uzito. Mtume aliletewa mtu aliyekiri wizi bila kupigwa na mtu, na bado akamwambia, sidhani kama umeiba. Akamrudia mara mbili au tatu, kama anayemfungulia mlango atoke. Bila kukiri wanatakiwa mashahidi wawili waadilifu walioona kitendo chenyewe, si walioona gunia barabarani.

Na kabla jambo halijafika kwa hakimu, mwenye mali ana nafasi yake. Safwan bin Umayya alilala msikitini, shuka yake kaifanya mto, mwizi akaivuta. Safwan akamkamata akampeleka kwa Mtume. Mkono ulipoamriwa ukatwe, Safwan akashtuka: sikutaka hili, nimemsamehe, shuka nimempa sadaka. Akajibiwa: mbona hukufanya hivyo kabla hujamleta kwangu? Mafakihi wakajifunza kwamba kusitiriana na kusameheana kwa wizi kuna mlango wake, na mlango huo uko mtaani, kabla ya mahakama. Kwenu magunia yamerudi asubuhi ileile. Mlango ulikuwa wazi kabisa.

Sasa turudi kwa yule mwenye panga. Aliposema Mungu ameshahukumu, alijifanya kadhi, shahidi na mtekelezaji kwa pamoja. Haddi haisimamishwi na mtu wa kawaida. Ni kazi ya mamlaka, baada ya hukumu, na mkono usiohukumiwa una hifadhi yake kama mkono wangu na wako. Aliyeuvunja amejeruhi mtu, na sheria ile aliyoitaja inamdai yeye. Diya, yaani fidia ya damu, ya mkono mmoja ni nusu ya diya ya mtu mzima: ngamia 50, au kwa hesabu ya dhahabu dinari 500. Mfupa uliovunjika ukaunga hutozwa fidia kwa makadirio ya kadhi. Mkono ukipooza moja kwa moja, hesabu inarudi kwenye zile ngamia 50.

Hapo pana jambo ninalopenda kuwauliza wanafunzi wangu. Mkono unalipwa dinari 500, halafu unakatwa kwa robo dinari? Si swali jipya. Al-Maarri, mshairi kipofu wa Sham aliyefariki mwaka 1057, alilitupa kwa mafakihi kwa kejeli, na kadhi mmoja wa Kimaliki wa Baghdad anatajwa kumjibu kwamba mkono ulipokuwa mwaminifu ulikuwa na bei, ulipohaini ukawa rahisi. Jibu zuri. Ila wanaolinukuu hulipenda neno "rahisi", wakasahau kwamba mkono wa mtu ambaye hajahukumiwa bado uko kwenye bei ya dinari 500. Waliomvunja kijana wako wanadaiwa kwa kipimo cha bei hiyo.

Unaweza kujiuliza, mbona tunasikia nchi fulani mikono hukatwa? Ni kweli. Saudi Arabia wanayo katika mahakama zao. Iran sheria yao inafuata madhehebu ya Shia, wanakata vidole vinne na kubakiza kidole gumba na kiganja. Kaskazini mwa Nigeria, jimbo la Zamfara lilirudisha sheria hizo, na Machi 2000 mtu aliyeiba ng'ombe akakatwa mkono. Pakistan waliitunga mwaka 1979, na mahakama zao hazijamkata mtu. Unaona hata wao hawako sawa.

Mfano unaoniuma ni wa Sudan. Septemba 1983 Rais Nimeiri alitangaza sheria hizo ghafla, na kufika mwaka uliofuata mikono ilikuwa ikikatwa mbele ya watu katika gereza la Kober, Khartoum. Mwaka uleule, 1984, nchi ilikuwa na ukame na watu wakifa kwa njaa. Nauweka mwaka huo kando ya ule mwaka wa Omar, na sioni namna ya kuupatanisha. Waliokuwa wakikatwa walikuwa masikini, na aliyeamuru alidai anafuata nyayo za wale waliosimamisha.

Watanzania wengi wanadhani ukali wa mwili ulikuja na kadhi. Huku kwetu wazee hawakumkumbuka kadhi aliyekata mikono. Walichokumbuka ni hamsa ishirini za Mjerumani, viboko 25 vya bomani, na hivyo havikuwa na shahidi wa pili wala swali la njaa.

Na kwa sheria ya nchi, jambo ni fupi. Bara hatuna mahakama ya kadhi ya serikali. Sheria ya Kiislamu mahakamani inaguswa kwenye ndoa, talaka, mirathi, wakfu na mfano wake. Wizi ni jinai ya Jamhuri, kifungo chake cha kawaida kinafika miaka saba, na mfanyakazi akimwibia mwajiri wake sheria inamwongezea. Hapo pana tofauti ya ajabu: fiqhi inamwona kibarua anayeruhusiwa kuingia kwenye mali kama mtu mwenye shubha, kanuni ya adhabu inamwona kama aliyevunja dhamana. Pande zote mbili zina mantiki yake, ila nilipokuwa mzee wa baraza mahakama ya mwanzo niliwaona vibarua wengi wakiadhibiwa kwa wizi, na waajiri wachache mno wakiulizwa kuhusu ujira.

Utaniuliza, je, huyu anayekula fedha za umma kwa kalamu, fiqhi inamkata? Kwa wanazuoni walio wengi, hapana. Mtume alisema mhaini wa amana hana kukatwa, wala mnyang'anyi wa waziwazi, wala mpokonyaji anayekwapua na kukimbia. Watu husikia hivyo wakakasirika, na hasira yao naielewa. Wao huingia kwenye taaziri, adhabu anayoipima hakimu, na taaziri yaweza kuwa nzito. Majambazi wenye silaha wanaovamia mitumbwi ziwani wana aya yao nyingine, ya 33 katika sura hiyohiyo, kali kuliko hii. Hayo ni makala ya siku nyingine.

Kwa hiyo mama yako wa Ujiji yuko karibu na haki kuliko mumeo, ingawa aliposema "si ya dini" alifupisha mno. Kukata mkono ni kwa dini. Kumkata kijana huyu, kwa jambo hili, kwa mikono ya wale, ndiko kusiko kwa dini. Mweleze mumeo hivyo akiwa ameshakula, si mbele ya wageni.

La kufanya sasa. Kama siku ile mlichukua fomu ya PF3 polisi kabla ya hospitali, itunzeni pamoja na karatasi za daktari na picha ya eksirei. Kama hamkuchukua, hamjachelewa kuripoti shambulio, ila mjue mkifungua jalada la mkono, la magunia nalo laweza kufunguliwa. Sitawaambia msiende. Nawaambia mwende mkijua.

Kabla ya hapo, au sambamba na hapo, ombeni kikao kwa mwenyekiti wa mtaa pamoja na uongozi wa BMU, kikundi cha usimamizi wa uvuvi cha mwalo. Hesabu mbili zisichanganywe. Ya kwanza ni ya kijana na yule mama: aombe radhi kwa kubeba mali usiku, na mama alete daftari la vibarua. Mtume alisema mwajiriwa apewe ujira kabla jasho lake halijakauka, na jasho la giza mbili limeshakauka siku nyingi. Kuomba radhi hakufuti deni la ujira. Asikubali kuambiwa "tumesameheana" kwa maana ya kwamba naye amesamehe malipo yake, isipokuwa aseme mwenyewe kwa hiari, bila mtu kumkazia macho.

Ya pili ni ya waliompiga. Gharama za hospitali, na siku asizofanya kazi, ni juu yao. Kuna watakaosema walikuwa wengi, hajulikani rungu lilikuwa la nani. Mahali ambapo watu kumi wanapiga na mmoja analeta panga, yupo mtu aliyetazama vizuri kuliko wote, kwa sababu ilimbidi kuushika mpini. Mtafuteni yule mzee mapema, kabla hajaingia ziwani giza lijalo, akae kwenye kikao hicho.